Muziki wa Nyuma ya Mbao

Jumanne hiyo Kabura alibadilisha nguo mara nne kabla ya kutoka nyumbani, na wala hakuwa na safari nyingine ila ya kazini. Alianza na koti la kiume la mitumba alilolikata kiunoni na kulitia vifungo visivyofanana, lile lililompa jina soko zima. Akajitazama kiooni, akalivua. Akavaa gauni la kitenge, akalivua pia. Akavaa suruali ya kaki na shati la mikono mirefu, akaona amefanana na mtu anayengoja kuitwa kwa usaili, akavua. Mwishowe akatoka na sweta ya kijivu aliyozoea kuilalia siku za baridi, na sketi ya kijivu vilevile, na kutoka Langas hadi mjini hakuna hata mtu mmoja aliyegeuza shingo kumtazama.

Tusidanganyane, Kabura alipenda kutazamwa. Hakuwa mrembo wa kuimbiwa, lakini alijua kuvaa, na alijua kuvalisha wengine. Alikuja Eldoret na mama yake wakitokea Burnt Forest, mwaka ule wa mapigano, watu walipohama na kile tu walichoweza kubeba, na mama yake alichagua kubeba kichwa cha cherehani, akaiacha meza yake ikiungua na nyumba. Kichwa hicho ndicho Kabura alichokitumia hadi leo. Alikuwa amekiwekea meza mpya na pedali mpya, na kwa miaka mingi hakikumwangusha.

Kibanda chake kilikuwa katika safu ya vibanda vya mbao nyuma ya soko, na kwa miaka tisa jirani yake wa mkono wa kulia alikuwa Mzee Opiyo, fundi wa redio. Kati yao palikuwa na ukuta mmoja, tena wa mbao za bei rahisi, zenye nyufa za kupitisha penseli. Kabura alishona, Opiyo alilehemu nyaya, na kila kilicholia kwa Opiyo kililia kwa Kabura: rumba ya zamani, benga, mugithi, tenzi za kanisani, habari za saa saba, tangazo la dawa ya ng'ombe, gengetoni za vijana, kisha mchakarisho mtupu kama mafuta yakikaangwa, kisha rumba tena. Kabura hakuwahi kuutia maanani muziki ule. Nani hukaa akaufikiria upepo unaomkaushia nguo? Alikanyaga pedali, mkono ukaenda, nguo ikaja. Mwaka uliopita wasichana fulani walikuja kumrekodi kwa simu, wakamwuliza dizaini zake huzitoa wapi. Aliinua kidevu, akasema huziota usiku. Uongo mtupu. Usiku Kabura alilala kama gunia la viazi.

Ndipo Machi ikafika, na Opiyo akafunga kibanda, akaondoka bila kuaga. Mahali pake akaingia Kavetsa, mama mpole aliyeuza miwani ya kusomea, na miwani haipigi kelele. Ukuta ukanyamaza.

Wiki ya kwanza Kabura alishukuru. Wiki ya pili alishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Mwezi wa pili mke wa mchungaji alimrudishia suti akisema kwa upole, na upole wa mke wa mchungaji ni jambo la kuogopwa, kwamba nguo ni safi lakini ni kama haina mtu ndani. Kabura akaenda kununua spika ndogo, akajaza kwenye simu nyimbo mia tatu alizozipenda, moja inaisha nyingine inaingia bila kupumua. Cherehani nayo ikaenda bila kupumua. Kutoka asubuhi hadi jioni alikanyaga pedali, na nguo zikatoka nyingi, zimenyooka, zimekufa. Hakuwa na raha. Akikaa anataka kusimama, akisimama anataka kwenda nje, akifika nje anakumbuka ameacha pasi kwenye umeme.

Sasa ilikuwa Julai, na mezani kwake kilikuwepo kitambaa cha Marion, rangi ya udongo uliolowa. Marion alikuwa mteja wake tangu enzi akiwa mwanafunzi asiye na koti la mvua. Ijumaa hiyo alikuwa anavishwa joho la uzamifu pale chuoni Chepkoilel, kwa utafiti wake wa mbegu, na chini ya joho alitaka avae nguo ya Kabura. Hakuleta picha wala hakueleza mtindo. Alipokiweka kitambaa mezani alisema tu, "Nishonee vile unanijua." Angekuja kuijaribu Alhamisi saa kumi.

Tena alikuwepo Wahome, mwenye karakana ya sare za shule, aliyempa Kabura hadi Ijumaa hiyohiyo atoe jibu: aje ashone sketi za buluu na kola nyeupe kwa mshahara wa mwezi, ama nafasi apewe mwingine. Si kazi ya kudharau. Mama yake aliifanya miaka kumi, na ndiyo iliyomsomesha. Lakini Kabura alikuwa amejiwekea mpaka moyoni mwake. Kama nguo ya Marion isingekuja, angekubali kwamba kipaji kile kilikuwa cha msimu kama mahindi, angefunga kibanda, angekwenda kwa Wahome. Na nguo ilikuwa haiji. Alikwisha kuishona mara mbili na kuifumua mara mbili.

Jumanne hiyo aliifumua mara ya tatu. Alipomaliza alizima ile spika, akakaa na wembe mkononi na nyuzi zimemjaa mapajani, na bila kujua anafanya nini akalisogeza sikio lake hadi ukutani. Alilibandika kabisa kwenye mbao, kama daktari. Upande wa pili Kavetsa alikuwa akipangusa miwani. Aliona sikio la Kabura kwenye ufa, akauliza kwa adabu kama kuna kitu kimeangukia kwake.

Hapo ndipo Kabura alipong'amua. Alijaribu kukumbuka wimbo uliokuwa ukilia siku aliyolikata lile koti, akashindwa. Akajaribu kukumbuka ule wa gauni la harusi ya Seline, lililozungumzwa mwezi mzima, akashindwa. Miaka tisa alikuwa amelishwa na mkono asioutazama. Lakini Opiyo angejua. Opiyo alikuwa na nyimbo zake na mpangilio wake, na akimwandikia kwenye karatasi, hii kisha hii kisha ile, basi mkono ungerudi. Shida ilikuwa kwamba Kabura ndiye aliyemfukuza Opiyo, ama ndivyo alivyoamini.

Ilikuwa Februari. Sauti ya redio za Opiyo ilikuwa imepanda siku baada ya siku, hadi Kabura hakuweza kumsikia mteja akitaja kipimo cha kiuno chake mwenyewe. Alivumilia, akagonga mbao, akavumilia tena. Halafu siku moja alitoka nje, akasimama mlangoni pa Opiyo, wateja wa huku na wa kule wakimtazama, akasema maneno ambayo hata yeye hakujua yalikuwa yamelala wapi. "Mzee, hapa ni sokoni, si matanga ya kwenu. Kama masikio yako yameziba, yetu hayajaziba." Watu walicheka. Kumwambia Mjaluo wa kutoka ziwani maneno ya matanga mbele ya watu si mzaha, na Kabura, mtoto wa Burnt Forest, alijua vizuri kuliko wengi mahali maneno ya "kwenu" huanzia na mahali huishia. Opiyo alimtazama, akatabasamu kidogo, akapunguza sauti. Wiki mbili baadaye kibanda kilikuwa na kufuli.

Jumanne hiyohiyo Kabura aliomba namba kwa Kavetsa, aliyeachiwa namba ya Akumu, binti ya Opiyo, kwa ajili ya wateja waliokuja kutafuta redio zao. Akumu alikuwa mwalimu huko Kapseret na babake alikuwa akikaa kwake. Alimwambia Kabura karibu, Mzee yuko nyumbani siku zote siku hizi. Kisha akasita kama mtu mwenye neno mdomoni, akasema tu aje kesho asubuhi.

Jumatano asubuhi Kabura alipanda boda boda akiwa na sukari kilo mbili na ombi la msamaha alilolifanyia mazoezi njia nzima mgongoni mwa dereva. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya barabara kuwa uji. Akumu alikuwa shuleni, lango lilikuwa wazi, na kando ya zizi Mzee Opiyo alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ukiwa langoni, akichambua maharagwe kwenye ungo.

Kabura alipiga hodi. Opiyo hakugeuka. Akapiga hodi ya pili, ya juu zaidi, na ndama akainua kichwa, Opiyo hakuinua chake. Hodi ya tatu ilitoka na sauti ya kutetemeka. Kabura alijua kuna watu hununa, lakini kununa hadi kumpa mtu mgongo namna ile, hapo hapana msamaha. Alikuwa amekwisha kugeuka aende zake wakati kivuli chake kilipopita juu ya ungo. Opiyo akashtuka, akatazama, na uso wake wote ukafunguka.

"Fundi," akasema kwa sauti kubwa. "Fundi wangu."

Alimletea kiti, akapokea sukari kwa mikono miwili. Kabura hakungoja chai. Aliitoa ile hotuba yake yote, macho chini, akivuruga nyuzi za sweta: kwamba alikosa, kwamba ulimi hauna mfupa, kwamba hakulala vizuri tangu Machi. Alipomaliza akainua macho. Opiyo alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akasema kweli, mwaka huu mvua imekuja mapema na mahindi yatakuwa mazuri.

Kabura alihisi damu ikimpanda. Alidhani anachezewa shere. Alifungua mdomo aseme neno jingine, pengine baya kuliko la Februari, na papo hapo ndege ya mizigo ikatokea juu ya miti ya mikaratusi ikielekea uwanjani, chini kabisa, kubwa kama kanisa. Mabati ya zizi yalitetemeka, kuku wakakimbilia chini ya gari la kukokotwa, Kabura akaziba masikio kwa viganja. Opiyo alikuwa akieleza juu ya mahindi. Hakupaza sauti, hakunyamaza, wala hakutazama juu. Aliendelea kusema, midomo yake ikienda taratibu ndani ya ngurumo ile, hadi alipoona viganja vya Kabura, na macho ya Kabura, akakoma.

Ndege ilipita. Kuku wakarudi mmoja mmoja.

"Sasa umejua," alisema Opiyo.

Kama ardhi ingepasuka, Kabura angeingia bila kuuliza kina chake. Maneno yake ya Februari yalimrudia moja moja, yale ya masikio yaliyoziba, na vicheko vya watu, na lile tabasamu dogo la mzee. Aliona haya hadi machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Opiyo alisogeza kigoda hadi magoti yao yakakaribia kugusana, akaonyesha sikio la kulia, akasema hili bado lina kamlango kadogo, ukiongea kwa nguvu na polepole linapokea.

Mficha maradhi kilio humfichua, na Opiyo alikuwa ameyaficha karibu miaka miwili. Alieleza bila kujihurumia. Kwanza zilipotea filimbi na sauti za watoto. Kisha ukapotea ule mchakarisho, na fundi wa redio asiyesikia mchakarisho atajuaje kwamba redio haijapona? Wateja wakawa wanazirudisha. Akaongeza sauti ili asikie kinachobaki, akaongeza tena. Siku ile Kabura aliposimama mlangoni, alipata neno moja tu.

"Nilisikia matanga. Nikasema kweli, huyu anajua. Kuna kitu kimekufa hapa."

Kabura alimwomba msamaha upya, safari hii ndani ya sikio, kwa sauti iliyomfikia hadi ng'ombe. Opiyo alipunga mkono kama anayefukuza inzi. Alitaka kujua habari za sokoni, na habari za mkono wake Kabura, kazi inaendaje. Basi Kabura akamweleza yote, mikono miwili ya kushoto, suti isiyo na mtu ndani, Wahome, kitambaa cha Marion na kesho saa kumi. Akatoa kalamu na daftari la vipimo. Akaomba amwandikie nyimbo alizokuwa akizipiga, kwa mpangilio wake.

Opiyo alisoma midomo yake mara mbili, kisha akacheka.

"Nyimbo gani? Mimi sikuwa na nyimbo, Fundi. Nilikuwa na redio za watu. Nilikuwa nasikiliza cherehani yako. Ikinyamaza, najua hapo umekwama, nabadilisha stesheni. Ikinyamaza tena, nabadilisha tena. Ikianza kwenda, naacha hapo hapo, hata kama ni tangazo la dawa ya ng'ombe. Miaka tisa."

"Kwa nini?"

"Kazi ya redio ni ya upweke. Nilitaka kujua kuna mtu anaenda."

Jambo la kwanza alilolihisi Kabura, na si la kujivunia, lilikuwa hasira: kumbe alikuwa akichungwa kama mbuzi, kamba shingoni, naye anajiona yu huru. Jambo la pili lilikuja polepole na lilikuwa zito zaidi. Katika miaka ile aliyodhani anafanya kazi peke yake, aliyojisifu kwa wasichana wenye simu kwamba huota, palikuwa na mtu mmoja hapa duniani aliyeujua mkono wake ulipochoka na ulipofurahi, na mtu huyo hakuwahi kudai hata salamu.

Akasema kwamba basi dizaini zile zilikuwa za Opiyo. Mzee alikataa kabisa, hadi akaweka ungo chini.

"Mimi nguo sizijui. Hata hii nimevaa Akumu ndiye alichagua. Mimi nilijua tu pale unasimama. Wewe ndiye ulikuwa unachagua."

Alieleza siku yake ya mwisho kibandani. Alikuwa ameweka stesheni, akangoja. Hakujua kama cherehani imeanza ama bado. Aliweka kiganja kwenye mbao, hakupata kitu. Alikaa hivyo hadi mteja akaingia na kumkuta ameshika ukuta, na hapo akaona kwamba afadhali kufunga.

Kabura aliuliza swali moja zaidi, na aliliuliza kwa kuwa alikuwa na haya, alitaka ampe mzee nafasi ya kusema jambo lake mwenyewe. Wewe ulipenda wimbo upi? Katika hizo zote, upi ulikuwa wako?

Opiyo alisugua goti. Akasema upo mmoja, wa bendi ya vijana wa kwao Ugenya waliorekodi kanda moja kisha kila mtu akaenda njia yake. Aliwafahamu wawili kati yao. Ile kanda alikuwa nayo kibandani tangu siku ya kwanza. "Nikiiweka, wewe unanyamaza. Nikajaribu asubuhi, nikajaribu jioni. Nikajaribu siku ya mvua. Kila mara unanyamaza. Nikaona huyu mama hautaki. Nikaacha."

"Uliacha lini?"

"Mwaka ule wa kwanza."

Kabura alimwomba auweke. Opiyo aliingia ndani, akatoka na redio ya kanda iliyofungwa kwa raba, akaiweka juu ya pipa la maji, akafungua sauti yote. Wimbo ulikuwa mrefu. Gitaa moja lilikuwa likitembea hatua tatu mbele na tatu nyuma, na juu yake mwanamume hakuimba hasa, alikuwa akitaja majina ya watu, jina baada ya jina, kwa Kijaluo, kama anayeita wageni waingie. Dakika kumi na moja. Opiyo hakuwa akisikia zaidi ya vumbi lake. Alikuwa akitazama mguu wa Kabura, ule wa kulia, wa pedali. Kabura alijua anatazamwa. Alitaka kwa moyo wake wote mguu ule utikisike, hata kidole, na ulibaki pale kwenye matope kama gogo.

Kanda ilipokwisha Opiyo aliuliza ameuonaje. Ilikuwa rahisi kuitikia kwa kichwa tu, angeamini, hakuwa na njia ya kujua. Kabura alisogea hadi sikioni.

"Siupendi, Mzee."

Opiyo alimtazama. Kisha alicheka, kicheko cha kutoka tumboni, akajishika mbavu, akafuta macho kwa mkono wa shati. Alisema tangu masikio yaende, kila mtu katika boma hili humwambia ndiyo. Ukiuliza kama chumvi imetosha, ndiyo. Ukiuliza kama kumekucha, ndiyo. Alikuwa amesahau ladha ya hapana.

Kabla ya kuondoka Kabura aliomba wimbo upigwe tena, akaurekodi kwa simu. Opiyo hakuuliza ni wa nini.

Njiani kurudi hakusema lolote na dereva. Alikuwa akifikiri juu ya ile miezi ya spika, nyimbo mia tatu zikifuatana na mguu wake ukizifuata, na jinsi alivyoogopa kuuinua hata mara moja asije akasikia ule ukimya. Spika haikujua kungoja. Ilikuwa imemwendesha, naye alikuwa ameacha kukataa. Maskini, mtu mzima na mkasi wake.

Alhamisi alifika kibandani saa moja asubuhi akiwa na lile koti la vifungo visivyofanana, bila hata kupita kiooni. Aliazima redio ndogo ambayo Kavetsa hakuwa akiiwasha, akaiweka karibu na goti. Akashona mshono mmoja, akauona wa uongo, akainua mguu. Ukimya ukaja. Aliukalia. Aligeuza stesheni, akapata mahubiri, akageuza, akapata bei za maziwa, na kwa sababu asizozijua mguu ukaenda na bei za maziwa na kiuno chote cha gauni kikakaa. Akakwama begani. Akazima redio kabisa, akanywa chai, akazunguka kibanda mara tatu, akamfanya Kavetsa awe na wasiwasi. Akawasha, mugithi, hapana, tenzi, hapana, kwaya ya watoto, basi. Alisimama mara nyingi kuliko alivyoshona. Hakutulia hata dakika moja, lakini lilikuwa hangaiko la kuku anayetafuta mahali pa kutagia, si lile la kuku aliyefungwa miguu.

Marion alifika saa kumi na dakika tano. Gauni lilikuwa na bega moja lililopanda na jingine lililolala, na kutoka kiunoni mistari ya mshono ilishuka isiyo sawa, kama matuta ya shamba lililolimwa kwa jembe la mkono. Alilivaa nyuma ya pazia, akatoka, akageuka mara moja mbele ya kioo. Kisha akaomba mfuko wa kutilia nguo alizokuja nazo, kwa sababu, alisema, hili halivuliwi, na akatoka nalo hivyohivyo kupitia sokoni, na Kabura akasimama mlangoni akitazama shingo za watu zikigeuka. Alifurahi hadi akaona aibu. Kabla ya kukaa alimpigia simu Wahome, akamshukuru, akamwambia hapana.

Ijumaa soko lilikuwa jepesi. Walio na watoto wa kuvishwa majoho walikuwa Chepkoilel, na Marion alituma picha ambayo Kabura aliitazama mara moja tu, kisha akaigeuza simu uso chini. Alitoa kitambaa cha shati, akakitandaza, akakikata kwa kukadiria mabega ambayo aliyaona juzi yameinamia ungo. Akaweka uzi wa kahawia. Akaunganisha simu na spika, akauweka ule wimbo wa Ugenya, akakanyaga pedali.

Kwenye jina la nne mguu ulitaka kusimama. Mwili wote wa Kabura ulikuwa ukisema hapana, badilisha, si huu. Hakubadilisha. Gitaa likaenda hatua zake tatu mbele na tatu nyuma, naye akaenda nalo, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, pindo. Lilikuwa linatoka shati pana, lililonyooka, la mifuko miwili iliyolingana, shati ambalo asingemshonea mtu mwingine yeyote, na kila alipokaribia kulipamba kwa mtindo wake aliuzuia mkono. Kavetsa alichungulia kupitia ufa, akauliza kama wimbo umekwama, kwa kuwa anausikia uleule tangu asubuhi. Kabura alisema hapana, haujakwama.

Ulipokwisha mara ya sita alikuwa amebakiza kola. Bado hakuupenda. Aliurudisha mwanzo, akaendelea kushona.